Makosa Hayajitokezi Yenyewe

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alinipigia simu chumba cha habari. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanyamaza kidogo. Nikajiandaa kutukanwa, maana waandishi tumezoea. Hakutukana. Alisema hivi: "Mwanangu, nimesoma ulichoandika. Umesema vifaa vilipotea na makosa yalifanyika. Sasa naomba unieleweshe wewe uliyesoma. Vilipotea vyenyewe? Na hayo makosa yalijifanya?"

Mzee yule alikuwa mtunza stoo wa taasisi moja ambayo sitaitaja. Vifaa vya mamilioni vilikuwa havionekani, na uongozi ukatoa taarifa ya kurasa mbili kwa Kiingereza. Ukurasa wa kwanza ulisema "mistakes were made". Ukurasa wa pili ulisema mtunza stoo amesimamishwa kazi kwa kushindwa kutunza kumbukumbu. Nilikuwa na dakika arobaini kabla kurasa hazijafungwa. Nikatafsiri, nikakabidhi, nikaenda kula.

Nikiisoma habari ile leo naona nilichokifanya. Wakubwa hawana jina, hawana cheo, hawana hata kiambishi cha nafsi. Makosa yamefanyika, vifaa vimepotea, taratibu hazikufuatwa. Mtu mmoja tu katika habari nzima ndiye aliyepewa kitenzi chenye mwenyewe: mtunza stoo *alishindwa*. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba hati za kutolea vile vifaa zilisainiwa ghorofa ya juu. Habari hiyo ya baadaye ilipata aya nne, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mabati.

Nimeikumbuka simu ile kwa sababu ya ubishi ambao nausikia kila tunapokaa watu wa vitabu na watu wa habari. Kuna kambi mbili. Ya kwanza ni ya wapenzi wa Kiswahili, nami ni mmoja wao. Wanasema ukwepaji wa lawama ni maradhi tuliyoambukizwa na Kiingereza cha ofisini. Mswahili wa zamani, wanadai, akikosa alisema nimekosa, yakaisha. Kambi ya pili ni ya waliohudhuria semina nyingi za uongozi. Hao wanageuza: Kiingereza ndiyo lugha ya uwajibikaji, ndiyo maana Wamarekani wana "the buck stops here", na sisi tuna "bahati mbaya" na "shetani alinipitia".

Kambi zote mbili zinakosea, na zinakosea mahali pamoja. Zinadhani lugha ndiyo inayokwepa. Ukizipanga nahau za Kiingereza za kukosa na kulaumiana utaona zimegawanyika vizuri kabisa, lakini mgawanyo wake ni wa ngazi: zipo za watu wa chini na zipo za watu wa juu. Sisi waandishi tumezichukua za wa juu, tukaziingiza kwenye Kiswahili, na tulipofika tukakuta Kiswahili kina mlango mzuri zaidi wa kujificha. Tukaupanua. Halafu leo tunasimama kuulaumu Uingereza. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Tuanze na mbuzi.

Mwaka 1530 William Tyndale alichapisha tafsiri yake ya vitabu vitano vya kwanza vya Biblia. Katika Mambo ya Walawi sura ya 16 alikutana na neno la Kiebrania lililowatesa wafasiri wengi, *azazel*. Yeye akalielewa kuwa ni mbuzi anayekwenda zake, akaunda neno jipya: "scapegoat", mbuzi anayeponyoka. Miaka sita baadaye Tyndale mwenyewe alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto, lakini neno likabaki, likaingia hata kwenye Biblia ya Mfalme James ya 1611. Biblia yetu ya Union imeliacha jina lilivyo, Azazeli.

Sasa rudi kwenye sura yenyewe uisome polepole, kwa sababu sote tunaikosea. Mbuzi ni wawili. Mmoja anachinjwa kuwa sadaka. Wa pili, ambaye ndiye scapegoat, hachinjwi. Anapelekwa nyikani akiwa hai. Kwa hiyo tunaposema fulani kafanywa "mbuzi wa kafara" tumewachanganya mbuzi wawili kuwa mmoja, tukamchinja yule aliyepaswa kwenda zake. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: kabla mbuzi hajaondoka, kuhani Haruni anaweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa chake na kuyaungama makosa ya watu. Kwa sauti. Yaani hata katika ibada ya kumtwika mnyama dhambi zisizo zake, hatua ya kwanza ni mkubwa kufungua mdomo na kusema tumefanya nini. Matumizi ya leo ya nahau hii yamebakiza mbuzi na kufuta maungamo. Ofisini kwa yule mzee hakuna aliyeweka mkono juu ya kichwa chochote. Walifungua geti tu.

Kiswahili, kwa taarifa, kina neno lake la mtu wa aina hii: bangusilo. Ni neno fupi, tamu, linasikika kidogo Kenya, na huku kwetu nimemaliza miaka kumi na zaidi chumba cha habari bila kulisikia likisomwa.

Baada ya mbuzi anakuja mtoto. Waingereza humwita anayeadhibiwa kwa kosa la mwingine "whipping boy", mtoto wa kuchapwa. Hadithi yake inasema mwana wa mfalme hakuweza kuguswa na mwalimu, hivyo akawekewa rafiki wa kuchapwa kwa niaba yake. Barnaby Fitzpatrick, aliyesoma pamoja na Edward VI katika karne ya 16, ndiye anayetajwa mara nyingi. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka hadithi hii, na huenda hakuna mtoto aliyewahi kuajiriwa kwa viboko. Lakini lugha haikungoja ushahidi. Ilihitaji jina la jambo ambalo kila mtumishi alilijua, ikalipata.

Kisha kuna chakula. Mtu aliyekosea na kulazimika kunywea "anakula humble pie". Ukitafsiri neno kwa neno unapata pai ya unyenyekevu, na msomaji wako wa Mbagala atajiuliza inauzwa wapi. Asili yake ni jikoni kweli: *umbles* ilikuwa nyama za ndani za mnyama wa kuwindwa, moyo, maini, utumbo, zilizotiwa ndani ya pai. Inasemwa kwamba minofu ya paa ilikwenda meza ya bwana na pai ya utumbo ikashuka kwa watumishi. Kwa kuwa neno hilo linasikika karibu sawa na neno la Kiingereza la unyenyekevu, mawili yakashikana. Kwa hiyo katika nahau hii, kukiri kosa ni kushushwa meza. Ni kula chakula cha wa chini. Sisi tuna "kula matapishi yako", na sioni kwa nini mfasiri ahangaike na pai wakati anayo hiyo. Inachefua zaidi na inaeleza zaidi, maana kilichotapikwa kina mwenyewe.

Orodha inaendelea: kuna anayebaki amebeba kopo la wenzake, kuna anayeachiwa mtoto mkononi, kuna anayetupwa chini ya basi, nahau iliyosambaa sana wakati wa kampeni ya urais wa Marekani ya 2008. Hii ya basi nimeiona ikiingizwa kwenye Kiswahili jinsi ilivyo, mtu "katupwa chini ya basi", na abiria wa daladala wanashangaa polisi wa usalama barabarani walikuwa wapi. Jamani, tuna kumtosa. Tuna kumruka kimanga. Tuna kuangushiwa jumba bovu, ambayo sijapata mfano wake katika Kiingereza chote nilichosoma: jumba halikuwa lako, hukulijenga, hukupangisha hata chumba, lakini siku linaporomoka linakukuta wewe chini.

Angalia sasa nani yuko ndani ya nahau hizi. Mbuzi, mtoto, mtumishi, mbeba kopo, mtu aliye chini ya gurudumu. Wote wana mwili. Wanachapwa, wanalishwa, wanabebeshwa, wanakanyagwa. Kiingereza kinapozungumzia lawama ya mdogo kinakuwa lugha ya nyama na mifupa. Kinapopanda ghorofani, mwili unapotea na inabaki sarufi.

Desemba 1876 Rais Ulysses Grant, akituma ujumbe wake wa mwisho wa mwaka kwa Bunge la Marekani baada ya miaka minane iliyojaa kashfa za wasaidizi wake, aliandika kwamba makosa yamefanywa. Hakumtaja aliyeyafanya, ila aliongeza maneno machache: kama wote wanavyoona, nami nakiri. Tarehe 27 Januari 1987 Rais Ronald Reagan alilihutubia Bunge. Serikali yake ilikuwa imegundulika kuiuzia Iran silaha kwa siri, na sehemu ya fedha ikapelekwa kwa waasi wa Nicaragua. Naye akasema makosa makubwa yalifanywa. Yale maneno machache ya Grant safari hii hayakuwepo. Januari 1997 Bill Clinton, wa chama kingine kabisa, akiulizwa juu ya uchangishaji wa fedha za kampeni, alitumia kauli ileile. Mchambuzi William Schneider akaipa jina la utani, kama vile ni wakati mpya wa kitenzi: wakati uliopita wa kujisafisha. Mwaka 2007 wanasaikolojia Carol Tavris na Elliot Aronson walikitungia kitabu jina kwa kuichukua kauli hiyo na kuiongezea mkia: lakini si na mimi.

Katika kashfa ileile ya Reagan, hebu shuka ngazi kidogo. Luteni Kanali Oliver North alifukuzwa kazi Novemba 1986. Julai 1987 alipohojiwa mbele ya Bunge, akieleza mazungumzo yake na William Casey, aliyekuwa mkuu wa CIA, alizungumzia mpango wa kuwapo kwa "fall guy", mtu wa kuangushiwa. Alijua tangu mapema kwamba anaweza kuwa yeye. Si kwamba North alikuwa malaika, maana mwenyewe alieleza jinsi alivyochana nyaraka. Ninachotaka uone ni mgawanyo wa maneno. Kashfa moja, serikali moja, lugha moja. Rais anapewa kauli ya kutendwa, luteni kanali anapewa nahau yenye mtu anayeanguka.

Hapo watu wa semina wananiuliza: na Truman je? Vizuri. Harry Truman aliweka mezani kwake kibao kilichosema "the buck stops here". Neno lenyewe linatoka kwenye karata. *Buck* ilikuwa alama inayowekwa mbele ya mtu ambaye ni zamu yake kugawa, na asiyetaka kugawa alimsukumia jirani. Sisi tungesema wanatupiana mpira. Kibao kilisema mpira unakoma hapa, na Januari 1953 akiaga alirudia kwamba rais, awaye yote, hawezi kumsukumia mtu mwingine uamuzi. Naiheshimu kauli hiyo. Ila semina husahau kutuambia kibao kilitoka wapi. Kilitengenezwa Oktoba 1945 katika gereza la kurekebisha tabia la El Reno, Oklahoma, baada ya rafiki wa Truman kuona kingine kama hicho hukohuko gerezani. Yaani maneno maarufu kuliko yote ya uwajibikaji katika Kiingereza yalichongwa na wafungwa, watu ambao mpira ulikuwa umeshakoma kwao muda mrefu.

Na kauli fupi kuliko zote ya kukiri kosa katika Kiingereza cha leo, "my bad", ilikulia kwenye viwanja vya mpira wa kikapu vya mitaani, miaka ya 1980, kabla ya filamu ya *Clueless* ya 1995 kuisambaza kwa mabinti wa kitajiri. Wapo wanaoamini kwamba aliyeieneza ni Manute Bol, Mdinka wa Sudan aliyeingia ligi ya NBA mwaka 1985 na ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza; wengine wanabisha. Mimi napenda tu kwamba ubishi huo upo. Umekosea pasi, unagonga kifua, kosa langu, mchezo unaendelea. Maneno mawili na mwenye kosa yumo ndani. Halikutungwa kwenye ofisi yoyote ya mawasiliano.

Basi huo ndio msimamo wangu juu ya Kiingereza: kina ukweli mwingi na ukwepaji mwingi, na ukitaka kujua utapata upi, uliza anayesema anakaa ghorofa ya ngapi.

Sasa turudi nyumbani, maana huku ndiko kuna aibu yangu.

George Orwell aliandika mwaka 1946 kwamba mwandishi asitumie kauli ya kutendwa palipo na uwezekano wa kutumia ya kutenda. Ushauri mzuri kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili hautoshi, kwa sababu sisi kauli ya kutendwa hatuihitaji ili kujificha. "Kikombe kimevunjwa" bado ni sentensi ya kimaskini kwa mkwepaji, maana inaacha mlango wazi: kimevunjwa na nani? Unaweza kuongeza "na Juma" na sarufi haikugombezi. Lakini sisi tuna kauli ya kutendeka. "Kikombe kimevunjika." Jaribu kuongeza "na Juma" hapo. Haikai. Lugha yenyewe imemtoa Juma mlangoni na kufunga kitasa.

Kauli hiyo ni mali, siidharau. Bila hiyo tungesemaje barabara haipitiki, chai hainyweki, mtoto huyu hashikiki? Mkutano umefanyika, sina ugomvi na mkutano. Ugomvi wangu ni pale niliposoma "mistakes were made" na kuandika "makosa yalifanyika". Angalia nilichokifanya: sikutafsiri, nilizidisha. Kiingereza kilikuwa kimemficha mtendaji nyuma ya pazia, mimi nikabomoa chumba alichosimama. Kauli yao ingekuwa "makosa yalifanywa", na msomaji angebaki na haki yake ya kuuliza na nani. Mimi nilimpokonya hata hilo swali.

Na bado hatujafika chini. Fungua taarifa yoyote ya ofisi kubwa utakuta "dosari zilizojitokeza", "changamoto zilizojitokeza", "usumbufu uliojitokeza". Hebu sikiliza hicho kiambishi -ji-. Ni kilekile cha kujiosha, kujivika, kujiua. Anayetenda na anayetendwa ni mmoja. Kwa hiyo dosari iliamka asubuhi, ikaoga, ikavaa viatu, ikajitokeza. Mkurugenzi akaikuta mlangoni kama anavyomkuta mgeni wa ghafla. Siijui hata moja kati ya nahau za Kiingereza nilizozitaja iliyothubutu kwenda umbali huo. Reagan alisema makosa yalifanywa. Hakusema yalikuja yenyewe.

Anayeweza kuyajua haya yote bila kufundishwa sarufi ni mama yeyote. Mtoto anatoka jikoni na uso wa huruma: "Mama, kikombe kimevunjika." Mama hata hageuki. "Kimevunjika au umekivunja?" Swali hilo liulizwe chumba cha habari kila jioni kabla kurasa hazijafungwa, nusu ya magazeti yetu yangechelewa kutoka.

Najua nitajibiwa kwa adabu. Nitaambiwa Kiswahili ni lugha ya ustaarabu, hatumtaji mtu hadharani, hatumwanikii mtu kosa lake, tuna tafsida. Ni kweli tunayo, na ninaitetea. Tunaposema marehemu ametutoka tunamsitiri aliyefiwa. Tunaposema mama kajifungua tunamsitiri mama. Tafsida humkinga anayeumia. Tunaposema fedha za mradi zimepotea, tunamkinga nani? Na kwa nini adabu hii hupanda juu tu? Kijana akiiba kuku tunaandika jina lake, umri wake, mtaa wake, tukipata na picha. Mwizi wa kuku *ameiba*. Fedha za mradi *zimepotea*. Hiyo ni hofu iliyovaa kanzu ya adabu.

Nitajibiwa pia kwa sheria, na hapa wenzangu wa habari wana hoja. Ukimtaja mtu bila ushahidi unapelekwa mahakamani, na ni haki yake kukupeleka. Sisemi tubuni watendaji. Taarifa ikimficha mtendaji nasi hatumjui, kuna kitu kimoja ambacho tunakijua kwa hakika: kwamba taarifa imemficha. Basi tukiandike. "Uongozi umekiri kuwapo kwa makosa lakini haukusema ni ya nani." Sentensi hiyo haina kashfa, wakili hawezi kuigusa, na ina mtendaji: uongozi haukusema. Kwa maneno yasiyofika kumi na tano msomaji amerudishiwa swali lake. Ningeandika hivyo siku ile ningetumia dakika mbili za zile arobaini.

Wafasiri wa fasihi nao wana zamu yao. Mkikuta riwaya ambamo waziri anasema makosa yalifanywa, msimlainishie kwa "yalitokea". Mwacheni na pazia lake kwa ukubwa uleule, lisizidi, ili msomaji aone anajificha. Na mkimkuta mtumishi aliyebebeshwa kopo, msimwache na kopo. Mpeni jumba bovu. Ukwepaji wa mkubwa utafsiriwe kwa usahihi wa fundi wa saa, na maumivu ya mdogo yatafsiriwe kwa nahau iliyozaliwa hapa. Mimi nilifanya kinyume chake: wakubwa niliwaongezea pazia, na mzee nikampa kitenzi kitupu.

Na wale wa kambi ya pili wanaosema Kiswahili hakina uwajibikaji, wakumbuke kwamba Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini ya wizara yake. Hakumpiga mtu hata mmoja kwa mkono wake. Aliondoka, na watu wakaelewa, na mwaka 1985 akawa Rais. Tangu hapo "kuwajibika" kwa Kiswahili chetu kuna maana ambayo haikutafsiriwa kutoka popote: kuachia kiti. Neno tunalo. Nafsi ya kwanza tunayo. "Nimekosa" ni neno moja, na mwenye kosa yumo ndani, herufi ya kwanza kabisa.

Yule mzee sikumjibu siku ile. Nilimwambia, "Mzee wangu, samahani kwa usumbufu uliojitokeza." Nilisema hivyo hivyo, neno kwa neno, na yeye akacheka, kicheko kifupi, akakata simu. Nimekaa na kicheko kile miaka yote hii. Niliamini kwamba alikuwa ananidharau. Sasa nadhani alicheka kwa sababu alikuwa amepiga kuuliza swali, nami nikampa jibu bila kujua.

Kwa hiyo, mzee, kama upo na kama unasoma mambo haya: hawakukosea peke yao. Niliandika habari ile vibaya. Niliwaficha wakubwa nikakuanika wewe, na nilikuwa na muda wa kuuliza nikaenda kula. Kosa ni langu.